Maneno ya Ajabu kama Ushahidi wa Historia: Msamiati wa Mpango wa Karanga na wa Madini ya Kinywe katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Insha hii inachunguza maneno ambayo kwa kawaida huchekwa, kisha yakasahauliwa: majina ya mashine, ya vibarua, ya mashamba na ya madini yaliyoingia au kutumika Kusini mwa Tanzania kupitia miradi mikubwa ya uchumi. Maneno hayo yametolewa katika Kiswahili, Kiingereza na Kireno. Hoja kuu ni kwamba uajabu wa neno si kasoro ya lugha, bali ni alama ya mahali ambapo pande mbili zisizo sawa kwa uwezo zilikutana. Kwa kuuliza nani alilitunga neno, nani aliitwa kwalo na nani alilicheka, mwanahistoria hupata habari ambazo taarifa za fedha na za ekari hazikuziandika.

1.0 Utangulizi

Katika Kiingereza cha siasa za Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kutaja karanga kulitosha kuibua kicheko. Aliyetaka kudhihaki matumizi mabaya ya fedha za umma hakuhitaji kueleza mengi. Alitaja zao hilo tu, na wasikilizaji wake wakaelewa kuwa alikuwa akizungumzia Tanganyika. Huku kwetu, neno "karanga" halikupata maana hiyo. Liliendelea kuwa jina la kitu kinachokaangwa, kinachotwangwa na kuungwa katika mboga, na kinachouzwa kwa vipimo vidogo pembezoni mwa barabara. Tukio lilikuwa moja, zao lilikuwa moja, lakini lugha mbili zilibaki na kumbukumbu mbili tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa insha hii. Historia ya Mpango wa Karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 imeandikwa zaidi kwa kutumia nyaraka za serikali ya Uingereza na maandishi ya Waingereza walioshiriki, kikiwamo kitabu cha Alan Wood kilichotoka mwaka 1950. Maandishi hayo yana thamani kubwa. Hata hivyo, yamesheheni hesabu za pauni, za ekari na za matrekta, na sauti ya mtu aliyeshika jembe, shoka au mnyororo husikika humo kwa nadra. Swali linalojitokeza ni hili: pale ambapo mfanyakazi hakuandika, je, lugha aliyoizungumza ilimwandikia?

Insha inajibu kuwa ndiyo, kwa kiasi fulani na kwa masharti. Ili kuyashika masharti hayo, kila neno linaulizwa maswali matatu. Kwanza, nani alilitunga? Pili, nani au nini kiliitwa kwalo? Tatu, nani alilicheka? Swali la tatu huenda likaonekana la mzaha, lakini kwa jamii za Kusini, ambako Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wameishi kwa kutaniana, kicheko si jambo la kupuuzwa. Utani ni ruhusa ya kumwambia mtu ukweli ambao ungemuudhi kama ungesemwa bila kucheka. Neno linalochekwa linaweza kufanya kazi hiyohiyo.

2.0 Usuli: zao lenye majina mengi

Kabla ya kuutazama mpango wenyewe, yafaa kuzingatia kuwa zao lililouzaa lina majina ya ajabu karibu katika kila lugha. Kwa Kiingereza huitwa "groundnut", yaani kokwa ya ardhini, au "peanut", yaani kokwa ya njegere. Kwa maana ya kibotania, karanga si kokwa. Ni jamii ya kunde. Wataalamu waliipa jina la Arachis hypogaea, na neno la pili lina maana ya kitu kilicho chini ya ardhi. Kwa Kichina huitwa kwa maneno yenye maana ya kitu kinachozaliwa ua linapoanguka, na hayo ni maelezo sahihi, kwa kuwa ua la mkaranga likisha kuchavushwa hushusha kikonyo kinachojichimbia udongoni. Waholanzi huiita siagi ya karanga "pindakaas", yaani jibini ya karanga, kwa sababu jina la siagi lililindwa kisheria kwa bidhaa ya maziwa.

Jina la kuvutia zaidi kwa msomaji wa Kiafrika ni "goober", linalotumika kusini mwa Marekani. Neno hilo linatokana na "nguba", neno la lugha za Kibantu za eneo la Kongo na Angola, lililovuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Mmarekani anayelitamka leo kwa kujifurahisha anatamka ushahidi wa safari ambayo abiria wake hawakuichagua. Mfano huu unaonesha mapema jambo ambalo litajitokeza tena Nachingwea: neno la kuchekesha linaweza kuwa limefika lilipo kwa njia isiyochekesha hata kidogo.

Kiswahili kina "karanga" na pia "njugu nyasa", tofauti na "njugu mawe" ambayo ni zao jingine. Sauti ya jina "karanga" humkumbusha msemaji kitenzi cha kukaanga. Kama Kiingereza kilitazama udongo, sikio la Mswahili linasikia jikoni. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini wapangaji wa mwaka 1947 waliiona karanga kama mafuta ya kupelekwa Ulaya, wakati wakulima wa Kusini waliifahamu kama chakula.

3.0 Maneno ya juu: ekari, vitengo na mashine

Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza kuwa upungufu wa mafuta ya kula ulioikabili Uingereza baada ya vita utatuliwe kwa kilimo cha karanga katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukatumwa kuchunguza. Februari 1947 serikali ya chama cha Labour, ambayo waziri wake wa chakula alikuwa John Strachey, ilitangaza mpango wa kulima ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja. Vitengo 80 vilikusudiwa kuwa Tanganyika, vilivyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ikawa kituo kikuu. Mwaka 1948 Overseas Food Corporation, shirika la umma la Uingereza, lilichukua uendeshaji. Mwaka 1949 reli ilifika Nachingwea kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na Mtwara ikaanza kujengwa kuwa bandari ya kina kirefu.

Matokeo yanajulikana. Mwaka wa kwanza ulikusudiwa kuzaa ekari 150,000. Huko Kongwa zilipandwa takriban 7,500. Januari 1951 mpango ulifutwa kama shughuli kubwa ya kitaifa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Neno la ajabu kuliko yote yaliyotungwa na upande wa juu ni "Shervick". Matrekta ya kawaida yalipokosekana, kampuni ya Vickers-Armstrongs iliunda mashine kutokana na vifaru vya Sherman vilivyosalia baada ya Vita Kuu ya Pili. Jina liliundwa kwa kuunganisha kipande cha Sherman na kipande cha Vickers. Wanaisimu wa Kiswahili huiita njia hii uhulutishaji. Ndiyo iliyotupa "chajio" kutokana na chakula cha jioni. Jina lilichekesha, na kwa haki: kifaru kiligeuzwa jembe, nalo jina likaficha kifaru ndani yake. Linatufundisha, hata hivyo, fikra iliyotawala. Msitu wa Nachingwea ulitazamwa kama adui wa kushindwa, si kama ardhi yenye watu wanaojua mvua zake na udongo wake. Lugha ya jeshi ilikuwa tayari imo ndani ya jina la trekta kabla trekta halijafika.

Neno la pili ni "groundnutter", jina ambalo Waingereza walioajiriwa katika mpango waliitwa, nao wakajiita. Kwa tafsiri ya wazi, ni mtu wa karanga. Lilitungwa na wenyewe, likawataja wenyewe, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kulicheka. Mtu anayejitungia jina la utani ana uhuru wa kulivua siku atakayotaka. Mpango ulipofutwa, walirudi kwao, na jina likaishia hapo.

4.0 Maneno ya chini: karatasi, namba na ngurumo

Ukiuvuka mstari uliomtenga mwajiri na mwajiriwa, unakuta msamiati wa aina nyingine. Maneno matatu ya kazi ya ujira yalitumika Tanganyika kabla ya mwaka 1947 na yakaendelea kutumika baada ya 1951: kipande, kibarua na manamba. Kila moja, likichunguzwa peke yake, lina uajabu wake. Yakiwekwa pamoja, yanatoa ushuhuda mmoja.

"Kipande" ni sehemu ya kitu. Katika mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi ya mfanyakazi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Nchini Kenya, tangu 1920, kipande kilikuwa cheti cha utambulisho ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimika kukibeba. "Kibarua" ni udogo wa "barua": kwanza kilikuwa kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha jina likahama kutoka kwenye karatasi na kumwangukia mtu mwenyewe. Sarufi inautunza uhamisho huo hadi leo. Jina limebaki na umbo la ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu, lakini upatanisho wake ni wa mtu: twasema kibarua amekuja, si kibarua kimekuja. "Manamba" limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nambari. Aliyeandikishwa kwenda katika mashamba makubwa, hasa ya mkonge, alipewa namba, na namba ikawa yeye. Kiambishi ma- tunachokiona katika makarani na madaktari kimetumika hapa kuwaita watu kwa jina la tarakimu.

Ushuhuda wa pamoja ni huu: katika maneno yote matatu, mfanyakazi anafungamanishwa na karatasi yake. Linganisha na mtu wa karanga. Mwingereza aliitwa kwa jina la zao alilokusudia kulikuza. Mwafrika aliitwa kwa jina la kitu kilichotumika kumhesabu. Hakuna waraka wa Overseas Food Corporation uliohitaji kutangaza tofauti hiyo ya hadhi. Lugha ya kila siku iliitangaza, tena bila kukusudia. Ndipo tunapoona kwa nini swali la nani alicheka lina uzito: "groundnutter" ni mzaha, "manamba" hugeuka mzaha tu kwa yule ambaye hajawahi kuitwa hivyo.

Lakini si sahihi kumchora mfanyakazi kama mtu aliyepewa majina tu. Yeye naye alitaja. Mashine zilizoangusha miti kwa mnyororo mzito uliofungwa kati ya matrekta mawili ziliingia katika mazingira ambamo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kazi. Msamiati wa mashine za aina hiyo katika Kiswahili cha Tanzania una njia mbili za wazi. Njia ya kwanza ni tanakali sauti pamoja na uradidi, inayotupa "tingatinga": mashine imeitwa kwa kelele zake. Njia ya pili ni kutohoa jina la kibiashara, inayotupa "katapila" kutokana na jina la kampuni ya Caterpillar. Sikio la Mswahili linasikia humo "kata", na mashine yenyewe kazi yake ni kukata na kufukua, hivyo neno geni likapata makao kana kwamba lilizaliwa hapa.

Ulinganisho wa "Shervick" na "tingatinga" unafaa kusisitizwa. La kwanza lilitungwa kiwandani, likaandikwa katika orodha za vifaa, likafa pamoja na mashine yake. La pili halina mtungaji anayejulikana, wala halikuandikwa katika mkataba wowote, nalo li hai katika kila wilaya inayotengeneza barabara. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, miaka minane kabla ya mpango. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikafuata mwaka 1981, miaka 30 baada ya mpango kufutwa. Wakati ambapo msamiati wa mashine na wa kazi ya ujira ulikuwa ukifinyangwa, hapakuwa na kamusi kubwa mpya ya lugha hii iliyokuwa ikiushuhudia. Pengo hilo ni hasara kwa mwanahistoria.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Urahisi wa kusikia maana ndani ya neno huzaa etimolojia za kubahatisha. Wageni wengi hudhani kuwa michoro ya Tingatinga imeitwa hivyo kwa sababu ya trekta. La hasha. Imeitwa kwa jina la mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, aliyefariki dunia mwaka 1972. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Kanuni hii itatusaidia tukifika Ruangwa.

5.0 Ardhi iliyopewa namba: Farm 17

Kama watu walivyohesabiwa, ndivyo na mashamba yalivyohesabiwa. Mfano ulio maarufu zaidi Nachingwea ni Farm 17. Jina hili ni la Kiingereza, ni la kiutawala, na halielezi mto, mlima, mti wala ukoo. Linatofautiana sana na majina ya eneo hilo yanayoanza kwa Na-, kama Nachingwea yenyewe, Naipanga au Nanganga, ambayo yamo ndani ya mfumo wa lugha za Kusini. Kwa mgeni, jina lenye tarakimu linaweza kuonekana la kuchekesha au lisilo na historia.

Kinyume chake ndicho kweli. Kuanzia miaka ya 1960 eneo hilo lilitumiwa na FRELIMO, chama cha ukombozi kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji. Samora Machel aliishi na kufundisha Nachingwea. Mei 1975 alianzia safari yake ya kurudi nyumbani upande huu, akavuka Ruvuma na kuipita Msumbiji yote hadi Maputo, nchi hiyo ikapata uhuru tarehe 25 Juni. Namba iliyowekwa na wapangaji wa mafuta ya kula ikawa jina linalotajwa katika historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Waliokuja baadaye hawakuona haja ya kuibadili. Walibadili kilichomo ndani yake.

Pamoja na wapiganaji ilikuja lugha ya Kireno, na msemo wao wenye maana kwamba mapambano yanaendelea ukaenea Tanzania. Katika mikutano ya wanafunzi na wafanyakazi husikika kama "aluta kontinua". Hapo sikio la Kiswahili limefanya kazi yake tena, kwa maana "a" ya mwanzo ni kibainishi cha Kireno, lakini imegandamana na nomino ikawa neno moja. Kuna kejeli ya kihistoria katika jambo hili. Jina letu la "Mreno" lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno "reino", yaani ufalme, ambalo mabaharia wa Kireno walilitumia kujitambulisha kwa mfalme wao. Karne kadhaa baadaye, lugha ya ufalme huo ikatumika Nachingwea kuuondoa utawala wake.

6.0 Ruangwa: jumbo, jumbe na kalamu ya risasi

Wilaya ya Ruangwa, jirani ya Nachingwea, leo imo katika mradi wa aina nyingine: madini ya kinywe, yanayohitajika duniani kwa ajili ya ncha hasi za betri za lithiamu. Mojawapo ya miradi yake inaitwa Lindi Jumbo, uliobuniwa na kampuni ya Australia iitwayo Walkabout Resources. Majina haya mawili yanatosha kumpa mtafiti wa maneno kazi ya siku nyingi. "Walkabout" ni neno la Kiingereza cha Australia lililotumiwa kuelezea safari za wenyeji wa asili wa nchi hiyo, mara nyingi kwa dharau. "Jumbo" kwa Kiingereza lina maana ya kitu kikubwa mno.

Umaarufu wa "jumbo" ulitokana na tembo wa Kiafrika aliyeitwa jina hilo, aliyefikishwa bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum wa Marekani mwaka 1882, akafa mwaka 1885 baada ya kugongwa na treni nchini Kanada. Imekuwa ikisemwa mara nyingi kuwa jina lake ni la Kiswahili, ama kutokana na "jambo" ama kutokana na "jumbe", cheo cha kiongozi wa mji. Dai hilo linatupendeza. Wazo kwamba neno la Kiswahili lilizunguka dunia ndani ya tembo, kisha likarudi Ruangwa kama jina la mgodi, lina utamu wa hadithi. Lakini kanuni tuliyoiweka kuhusu Tingatinga inatuzuia. Tembo huyo alitoka upande wa Sudani na Uhabeshi, mbali na pwani ya Waswahili, na Kiingereza kilikuwa na "jumbo" kwa maana ya mtu mzito na mzembe tangu mwaka 1823, kabla tembo hajazaliwa. Insha hii, kwa hiyo, inaona dai la asili ya Kiswahili kuwa dhaifu. Mtafiti anapaswa kuwa mkali zaidi kwa etimolojia inayomsifu kuliko kwa ile inayomkera.

Kinachobaki baada ya kuliondoa dai hilo kina faida zaidi. Katika biashara ya kinywe, "jumbo" ni daraja la ukubwa wa chembe bapa, linaloanzia takriban mikroni 300. Hiyo ni sehemu tatu za kumi za milimita. Neno lenye ukubwa wa tembo limepewa kitu kinachoonekana kwa shida juu ya ncha ya kidole. Sababu ni bei: chembe kubwa huuzwa ghali kuliko ndogo, na jina kubwa husaidia kuinadi kwa mwekezaji. Mwaka 1947 ukubwa ulitangazwa kwa mamilioni ya ekari. Sasa unatangazwa kwa mikroni. Kipimo kimebadilika, ila aliye mbali bado ndiye anayeamua kipi kiitwe kikubwa.

Kiswahili nacho kina neno lake la ajabu katika eneo hili. Penseli huitwa pia "kalamu ya risasi", ilhali hakuna risasi ndani yake. Kilichomo ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kosa si letu peke yetu. Ulaya madini haya yalidhaniwa kuwa aina ya risasi, Waingereza wakayaita risasi nyeusi, na Wajerumani hadi leo huita penseli "Bleistift", neno lenye risasi ndani yake. Ni mwaka 1789 ndipo Mjerumani Abraham Gottlob Werner alipoyapa jina la kisayansi, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuandika. Kiswahili kilipokea kalamu pamoja na kosa la majina yake. Mwanafunzi wa Ruangwa anayeandika kwa kalamu ya risasi anaandika kwa madini ya aina ileile inayochimbwa wilayani kwake, lakini jina la kalamu linamficha jambo hilo.

7.0 Mjadala

Mifano iliyotolewa inaonesha mambo matatu. Kwanza, maneno ya juu hutaja makusudio, na maneno ya chini hutaja uzoefu. "Shervick" na "jumbo" ni maneno ya ahadi. "Kibarua", "manamba" na "tingatinga" ni maneno ya kilichoonwa, kilichobebwa na kilichosikika. Pili, uhai wa neno hautegemei uwezo wa aliyelitunga. Serikali yenye hazina haikuweza kulifanya "Shervick" lidumu, ilhali sauti ya mashine iliyoigwa na midomo isiyojulikana imedumu. Tatu, maana hubadilika kulingana na anayebaki mahali pale baada ya mradi kuondoka. Farm 17 ni ushahidi wa wazi.

Kuna upinzani unaotarajiwa. Mtu anaweza kusema kuwa maneno ya kutoholewa ni uharibifu wa Kiswahili, na kwamba kazi ya msomi ni kuyasafisha. Usanifishaji una nafasi yake, na neno "kinywe" linaonesha faida yake: mwalimu anaweza kufundisha madini hayo kwa Kiswahili bila kigugumizi. Lakini anayesafisha asichome. Tukilifuta "manamba" kwa sababu ni Kiingereza kilichovunjwa, tutakuwa tumefuta rekodi pekee, katika sarufi yetu wenyewe, ya watu waliogeuzwa tarakimu.

Upinzani wa pili ni wa kimbinu: neno haliwezi kuthibitisha tukio. Hilo ni kweli. Neno "kipande" halituambii ni watu wangapi walinyimwa ujira, wala "tingatinga" halituambii miti mingapi iliangushwa. Msamiati hauchukui nafasi ya nyaraka; unatuonesha nini cha kuzitafuta nyaraka zituambie, na nani hakuulizwa zilipoandikwa.

8.0 Hitimisho

Insha ilianza na tofauti ya vicheko viwili juu ya karanga. Imeonekana kuwa Uingereza ilicheka kwa sababu ilipoteza fedha, na kicheko hicho kiliihesabu hasara kwa pauni. Nachingwea haikuwa na sababu ya kulicheka zao lake. Kumbukumbu yake iliwekwa kwingine: katika jina la kibarua, katika namba ya shamba, katika ngurumo ya mashine.

Pendekezo linalofuata ni la utafiti, na ni la haraka. Miaka ya 1947 hadi 1951 ilipita bila mtunga kamusi kukaa Nachingwea na daftari, na leo wanaoikumbuka wamebaki wachache. Ruangwa ya sasa ipo katika hali inayofanana: mradi umeingia na majina yake, na wanaofanya kazi humo wanayapokea, wanayakata, wanayapa viambishi na kuyatungia mengine yao. Maneno hayo yakusanywe sasa, kwa Kiswahili na kwa Kimwera, pamoja na yale yatakayomchekesha mkusanyaji. Kila moja liandikiwe lilitoka kwa nani na lilimtaja nani. Ikiwa mradi utafanikiwa, yatakuwa sehemu ya historia ya mafanikio yake. Ikiwa utaondoka kama mpango wa karanga ulivyoondoka, huenda yakawa ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa na waliobaki.